Samaki Aliyekataliwa Ulaya: Bei ya Usafi Inalipwa na Nani?

Kaka na dada wa mashirika, nyinyi huwa mnapitia maandishi yetu kimya kimya bila kuacha neno. Leo acheni neno, maana mada hii inawahusu.

Tunataka kuongea juu ya samaki na nyama. Swali letu ni moja tu: chakula kikitakiwa kiwe salama, nani analipa? Maana usafi si maneno. Usafi ni maji, ni barafu, ni meza ya saruji, ni mkaguzi mwenye mshahara, ni maabara, ni muhuri. Kila kimoja kina bei yake, na bei hiyo lazima imwangukie mtu. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi inamwangukia yule aliye chini kabisa.

Tunaliuliza sasa kwa sababu wengi wa kundi letu wanakula kwa kuuza samaki wakavu, na wengine wanachoma nyama jioni kando ya barabara ya Fort Portal. Kuna wenzetu walimwagiwa samaki wao wote sokoni kwa sababu, waliambiwa, meza zao si safi. Siku hiyo soko zima halikuwa na bomba hata moja lililotoa maji. Ushuru wa asubuhi walikuwa wamelipa. Hatuwataji waliofanya hivyo, na hatusemi kwamba uchafu ni haki ya maskini. Mtoto akila samaki aliyeoza anaumwa, awe mkimbizi au mwenyeji. Lakini tuelewe vizuri jambo hili limetoka wapi.

Tuanze na maziwa ya kwetu

Mtu wa Kasese hana haja ya kwenda mbali kuelewa biashara ya samaki. Tuko na Ziwa George, tuko na Ziwa Edward, na katikati kuna mfereji wa Kazinga. Upande wa pili wa Edward ni Kongo: Kyavinyonge, Vitshumbi, Nyakakoma. Wengine wetu tumetoka huko huko.

Na katikati ya yote hayo kuna Katwe, na chumvi yake. Chumvi ya Katwe ilikuwa na thamani kubwa tangu kabla ya wakoloni. Wafalme waligombana juu yake, na mwaka 1891 Lugard alipofika alijenga ngome pale pale Katwe, Fort George. Watu huwa wanafikiri chumvi ni ladha tu. Kumbe chumvi ni sheria ya kwanza ya usalama wa chakula katika eneo hili. Samaki mbichi kwenye joto letu anaanza kuharibika baada ya saa chache. Ukimpasua, ukampaka chumvi, ukamwanika, au ukamkausha kwa moshi, anasafiri siku nyingi na kufika mpaka ndani ya Kongo bado analiwa.

Nani alilipa usalama huo? Mkaushaji alilipa chumvi na kuni, halafu akavirudisha ndani ya bei. Mnunuzi wa Beni au Butembo alikuwa mkaguzi mwenyewe: ananusa, anabonyeza, anakunja. Samaki akiwa mbaya, anakuacha na mzigo wako. Mfumo ulikuwa rahisi, na ulifanya kazi kwa sababu ubaya wa samaki wa chumvi unaonekana na unanuka.

Halafu likaja jambo jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha shirika la samaki la Uganda, lililojulikana kama TUFMAC, na kiwanda chake kikawekwa Kasenyi, kwenye Ziwa George. Wazee wa Kasenyi bado wanalitaja jina hilo. Shirika lilipewa haki ya kununua samaki wa ziwa hilo kwa bei iliyopangwa, na idadi ya mitumbwi ikawekewa kikomo kwa leseni. Hapo samaki akaanza kupita kwenye mlango mmoja: mzani mmoja, bei moja. Upande wa Kongo, Wabelgiji nao walipanga wavuvi wa Edward ndani ya ushirika. Somo la kwanza likaonekana mapema: anayeshika mlango wa ukaguzi ndiye anayeshika pia bei. Mvuvi alipata soko la uhakika, lakini alipoteza nguvu ya kusema, "hapana, nitauza kwa mwingine."

Tatizo la kitu kisichoonekana kwa macho

Kabla ya kwenda Ziwa Victoria, tusimame kidogo kwenye uchumi wenyewe. Msiogope neno hilo.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani anaitwa George Akerlof aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya aina hiyo. Hoja yake mtu wa sokoni Bwera anaielewa bila kitabu. Muuzaji anajua gari lake ni bovu, mnunuzi hajui. Kwa hiyo mnunuzi anaogopa, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo ni hasara, anaondoka. Sokoni yanabaki mabovu.

Sasa weka samaki mahali pa gari. Mama mmoja ananunua barafu kila asubuhi, anafunika samaki wake. Mwingine hanunui barafu, anawamwagia maji tu wang'ae. Kwa macho wote wanafanana saa nne asubuhi. Mnunuzi analipa bei moja. Yule wa barafu anapata faida ndogo kuliko mwenzake, kila siku, mpaka siku moja anaacha barafu. Si kwamba amekuwa mbaya. Soko limemfundisha kwamba usafi haulipi.

Ndiyo maana sheria inahitajika. Vijidudu havionekani, dawa ya sumu haionekani, basi lazima awepo mtu wa kupima na kusema ukweli kwa niaba ya mnunuzi. Hilo tunalikubali kabisa. Ugomvi wetu uko kwenye swali la pili: huyo mtu wa kupima analipwa na nani, na anapima chakula cha nani?

Sangara na mlango wa Ulaya

Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara aliingizwa kwenye Ziwa Victoria. Waganda wanamwita mputa. Ni samaki mkubwa, nyama nyeupe, mifupa michache, na Wazungu wanampenda kwa sababu unamkata mnofu safi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 viwanda vya kumchakata vikaota kando ya ziwa, Jinja, Kampala, Entebbe, na vilevile Kisumu na Mwanza. Minofu ikaenda Ulaya, ikiwa mibichi kwa ndege au iliyogandishwa. Kufikia mwaka 1996 samaki waliiletea Uganda zaidi ya dola milioni 40. Kwa nchi iliyokuwa ikitegemea kahawa, hizo zilikuwa pesa kweli kweli.

Lakini mlangoni palikuwa na mwenye nyumba. Mwaka 1991 Ulaya ilitoa sheria ya samaki: nchi yoyote inayotaka kuuza kule lazima iwe na mamlaka moja inayoaminika, viwanda vinavyokaguliwa, na mfumo wa kutazama kila hatua ambapo hatari inaweza kuingia, kuanzia mtumbwini mpaka kwenye boksi. Uganda ilikuwa na viwanda, ilikuwa na samaki, lakini ukaguzi ulikuwa dhaifu na umegawanyika kati ya ofisi mbalimbali. Kwa muda hakuna aliyeuliza. Halafu wakauliza.

Pigo la kwanza lilikuwa mwanzoni mwa 1997. Uhispania, halafu Italia, walisema wamekuta bakteria wa salmonela kwenye sangara kutoka Uganda. Wakafunga milango yao.

Pigo la pili lilikuwa Desemba 1997. Mvua za El Niño zilikuwa zimeleta mafuriko na kipindupindu katika Afrika Mashariki. Ulaya ikazuia samaki wabichi kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Hapa inabidi tuseme wazi: sayansi haikuwa upande wa katazo. Kidudu cha kipindupindu kinakufa kwa moto wa kupikia, na Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la chakula, FAO, yalisema kwamba kuzuia samaki hakukuwa jibu sahihi. Katazo likaondolewa katikati ya 1998. Lakini miezi ile sita mvuvi hakulipwa na mtu.

Pigo la tatu lilikuwa baya kuliko yote. Mwanzoni mwa 1999 habari zilienea kwamba kuna watu wanavua kwa kumwaga dawa ya kuua wadudu ziwani: samaki wanakufa, wanaelea, wanaokotwa. Ilikuwa kweli kwamba baadhi walifanya hivyo. Mwezi wa tatu serikali ya Uganda yenyewe ikasimamisha kuuza Ulaya, na Ulaya nayo ikafunga rasmi mwezi uliofuata. Hata watu wa Kampala wakaogopa samaki. Safari hii mlango ulikaa umefungwa zaidi ya mwaka, mpaka katikati ya 2000.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu Uganda haikuweza kuonyesha kwamba samaki wake ni wazima. Maabara ya kupima mabaki ya dawa hizo haikuwepo nchini, sampuli zilipelekwa nje. Ndugu zetu, hapa tusimame. Ukiambiwa "thibitisha wewe si mgonjwa," na kipimo kiko Ulaya, na kipimo ni ghali, basi umefungwa hata kama ni mzima. Sisi wakimbizi hali hiyo tunaijua vizuri kwenye mambo ya karatasi.

Nani alilipa?

Mwaka 1999 mapato ya samaki yalishuka mpaka karibu dola milioni 25. Viwanda vingine vilifungwa, vilivyobaki vilifanya kazi kidogo, na wafanyakazi wengi wa viwandani walirudishwa nyumbani. Lakini mtazame mnyororo mzima. Mwenye kiwanda alikuwa na jengo, alikuwa na benki, alikuwa na chama cha wenye viwanda cha kumsemea. Mvuvi alikuwa na mtumbwi wa kukodi na deni la nyavu. Kiwanda kisiponunua, bei mwaloni inaanguka siku hiyo hiyo. Dereva wa gari la barafu, mama anayepika chai mwaloni, kijana wa kubeba ndoo, wote walilipa katazo la Brussels bila kujua Brussels iko wapi.

Na wengi wao hawakuwa wametia sumu ziwani. Hilo ni somo lingine la uchumi wa usalama wa chakula: jina ni mali ya wote. Wachache wakiliharibu, wote wanalipa. Mvuvi mwaminifu wa Jinja hakuwa na njia ya kumwambia mama wa Madrid, "samaki wangu mimi ni mzuri." Kwenye boksi imeandikwa Uganda, basi.

Jinsi walivyorekebisha

Tuwe wa haki. Uganda haikukaa kulia. Mwaka 1998 zilitoka kanuni mpya za ubora wa samaki, na kazi ya ukaguzi ikawekwa mikononi mwa idara ya uvuvi. Wakaguzi walifundishwa. Viwanda vilijenga upya sakafu, milango, vyumba vya baridi, vikaanza kuandika kila kitu: samaki ametoka mwalo gani, saa ngapi, joto kiasi gani. Maabara binafsi ikafunguliwa Kampala. Wafadhili walitia pesa, Umoja wa Ulaya wenyewe ukiwa ndani, na UNIDO ikasaidia kwa utaalamu. Miaka michache baadaye, 2003, zikaja kanuni za kuunda kamati za mialo, ambazo hata huku kwetu Katwe na Katunguru watu wanazijua.

Na matokeo yalionekana. Mwaka 2001 mapato yalipanda mpaka karibu dola milioni 78. Mwaka 2005 yalipita milioni 140. Samaki wakawa nyuma ya kahawa tu. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba sheria kali zinaua biashara kila mara. Hapa zilifungua biashara. Anayetaka kusema viwango vya Wazungu ni njama tupu, aeleze hizo namba.

Lakini anayetaka kusema kila mtu alifaidika, naye aeleze yafuatayo.

Kwanza, gharama za kuwa msafi hazigawanyiki. Sakafu ya vigae, chumba cha baridi na karatasi za ukaguzi vina bei ile ile, uwe na samaki kumi au elfu kumi. Mkubwa anaigawa bei hiyo kwenye tani nyingi, haimuumi. Mdogo inamvunja mgongo. Mialo michache ndiyo iliyopata majengo mazuri na kibali cha kuuzia viwanda vya Ulaya, mingi ikabaki na mchanga na miti.

Pili, samaki akagawanyika, na watu wakagawanyika naye. Mnofu unaenda ndege, unapimwa mara tatu. Kichwa na mifupa, ile ambayo Mwanza wanaiita mapanki, inabaki kwa watu wa hapa, inakaushwa juani na kukaangwa. Mnofu una cheti. Mapanki yana nzi. Samaki ni mmoja, ziwa ni moja, siku ni ile ile.

Tatu, sheria ilimlinda mlaji wa mbali, haikulinda ziwa. Usafi uliongeza soko, soko likaongeza nyavu, na baadaye sangara akapungua mpaka viwanda vingi vikafungwa kwa kukosa samaki. Safari hii hapakuwa na katazo la kulaumiwa.

Na Marekani walipitia hapo

Ili msidhani ni mambo ya Waafrika tu, tuende nyuma zaidi. Kuanzia 1879 Italia, halafu Ujerumani na Ufaransa, walizuia nyama ya nguruwe kutoka Marekani, wakisema ina minyoo. Wamarekani walilalamika kama Waganda walivyolalamika baadaye: huo si usalama, huo ni wivu wa wafugaji wenu. Huenda vyote viwili vilikuwa kweli kidogo. Lakini walifanya nini? Mwaka 1890 na 1891 walipitisha sheria za ukaguzi wa nyama ya kuuza nje, na Ujerumani ikafungua mlango mwaka ule wa 1891.

Angalieni: ukaguzi wao wa kwanza nao ulikuwa hasa kwa ajili ya mnunuzi wa nje. Mmarekani wa kawaida alisubiri mpaka 1906, baada ya kashfa kubwa ya viwanda vya nyama vya Chicago, ndipo ikaja sheria pana zaidi iliyomlinda na yeye. Na ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kipengele tunachotaka mkikumbuke: wakaguzi walilipwa na serikali kutoka mfuko wa umma, si kwa ada ya kila ng'ombe. Wenye viwanda vikubwa walilipigania hilo kwa nguvu zote. Matajiri wa Chicago walikataa kulipia ukaguzi. Huku kwetu anayelipia ni mama mwenye beseni.

Turudi kwenye nyama ya nyumbani

Sasa tulinganishe na chakula ambacho hakiendi Ulaya.

Mwaka 2004 kimeta kilipiga hapa hapa kwetu, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Viboko zaidi ya 200 walikufa. Kimeta kinaua mtu pia, na vijiji vya wavuvi viko ndani ya mbuga. Watu walikatazwa kugusa mizoga. Vizuri. Lakini mwenye njaa akiona nyama nyingi hivyo imelala kando ya maji, anapima njaa yake na hatari asiyoiona. Katazo bila chakula kingine linamwachia mtu aamue peke yake usiku.

Januari 2018 habari zilijaa kwamba baadhi ya bucha za Kampala zinapaka nyama formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ili isioze na nzi wasitue. Mamlaka ya jiji ikafanya msako, bucha zikafungwa, watu wakakamatwa. Walistahili. Lakini tujiulize kama wachumi: kwa nini mtu apake sumu? Kwa sababu friji ni ghali, umeme unakatika, nyama isipoisha jioni ni hasara, na mnunuzi hawezi kuona tofauti. Ni gari bovu la Akerlof, limegeuka kilo ya nyama. Msako unafunga bucha wiki moja. Hauleti friji.

Na ugonjwa wa miguu na midomo ukitokea, inawekwa karantini: soko la ng'ombe linafungwa, bucha zinafungwa. Karantini ina maana yake, inalinda mifugo ya nchi nzima. Lakini faida ni ya nchi nzima, hasara ni ya wachache: mfugaji aliyetaka kuuza ng'ombe alipe ada ya shule, mchinjaji, kijana wa kuchoma mishikaki. Faida ikiwa ya wote, kwa nini gharama isiwe ya wote?

Mnaona mchoro unavyojirudia? Mnunuzi mwenye nguvu ya kukataa anapata maabara. Mnunuzi asiye na nguvu ya kukataa anapata msako. Mama wa Madrid anaweza kukataa samaki wa Uganda, kesho akala wa Vietnam. Mama wa Kitswamba mwenye elfu mbili mkononi hana cha kukataa. Atanunua kilichopo, atapika sana, ataomba Mungu.

Kwa hiyo sisi tufanye nini?

Hatuandiki ili tulalamike halafu tulale. Historia hii inatupa mambo manne.

Moja, tusikatae sheria za usafi. Kukataa ni kujiumiza wenyewe. Biashara ya samaki ya Uganda ilipona kwa kukubali kupimwa, si kwa kubisha.

Mbili, tudai mpangilio: maji kwanza, faini baadaye. Bomba, meza ya saruji, kivuli na shimo la taka vije kabla ya mtu kumwagiwa mali yake. Sheria bila maji ni ushuru tu uliovaa koti jeupe.

Tatu, tuungane kwa gharama ambazo hazigawanyiki. Mtu mmoja hawezi kununua sanduku la barafu. Watu kumi na watano wanaweza. Mtu mmoja hawezi kujenga tanuri la kukaushia lenye dari na waya wa kuzuia nzi. Kikundi kinaweza. Wenye viwanda waliungana kwenye chama ndipo wakasikilizwa na serikali na wafadhili. Sisi tunakosa nini? Na tukiungana, tulinde jina: atakayeleta samaki mbovu kwenye meza yetu tumtoe wenyewe, kabla hatujatolewa wote kwa ajili yake.

Nne, hii ni kwenu kaka na dada wa mashirika. Mara nyingi mnatuletea semina ya kunawa mikono, daftari, kalamu na soda. Asanteni. Lakini mwaka 2000 Ulaya haikufungua mlango kwa sababu wavuvi walihudhuria semina. Ilifungua baada ya kuwepo wakaguzi, maabara na kumbukumbu zinazosomeka, na mfadhili alisaidia kulipa. Pesa ya semina tano ingeweza kuweka bomba kwenye soko moja. Pia mnaponunua chakula cha mikutano yenu, nyinyi ni wanunuzi wenye nguvu ya kukataa. Itumieni nguvu hiyo vizuri. Waambieni wauzaji wetu wadogo: tutanunua kwenu kila wiki, kwa bei nzuri kidogo, mkiwa na barafu na kifuniko. Mtaona barafu itakavyopatikana. Usafi unaanza kulipa siku mnunuzi anapoulipia.

Sasa tunaomba kazi ndogo kutoka kwa kila anayesoma. Andika hapa chini mambo mawili: sokoni kwenu mnalipa ushuru kiasi gani kwa siku, na kwa ushuru huo mnapata nini, maji, choo, kivuli, taka kuondolewa, au hakuna kitu. Usitaje jina la mtu wala ofisi, taja soko tu. Tutakusanya majibu ya Kitswamba, Hima, Rugendabara, Bwera, Mpondwe na kote mliko, tuyaandike kwenye karatasi moja, tuyapeleke kwenye kikao kinachofuata cha kamati ya soko na mashirika. Wenye viwanda walipona kwa kuweka kumbukumbu. Sisi nasi tuanze kuziweka.